Kompyuta inanguruma usiku? Soma hii kabla hujanunua kasha jipya Kariakoo

Mchana Kariakoo hakuna anayesikia feni ya kompyuta. Spika za maduka ya Msimbazi, honi za bajaji, mikokoteni na mawinga wanaoita "bosi, karibu ndani" vinameza kila kitu. Shida inaanza usiku. Mtu kafunga ofisi, karudi chumbani, kawasha mashine amalizie video ya harusi ambayo mteja anaitaka asubuhi. Watoto wamelala mita mbili kutoka mezani. Video inapoanza kuchakatwa, kompyuta inanguruma kama jenereta dogo na mtoto anageuka kitandani.

Kwa anayerekodi sauti hali ni mbaya zaidi. Wanaosimulia filamu kwa Kiswahili, wanaotengeneza yale matangazo yanayopigwa nje ya maduka, wenye podikasti za chumbani, wote wanakutana na kitu kimoja: maiki inanasa mvumo wa feni. Ukiusafisha baadaye kwa programu, sauti ya msemaji inabaki kama ya mtu anayeongea ndani ya ndoo.

Ushauri wa kwanza anaopewa mtu huyu ni mmoja: "Badili kesi, kaka." (Kesi ya kompyuta, yaani kasha lake, siyo ya mahakamani.) Ushauri huo unaweza kuwa sahihi. Unaweza pia kumpotezea hela yake yote, kwa sababu kasha linalosifiwa Ulaya kwa utulivu linaweza kuwa ndilo lenye kelele zaidi likifika Dar es Salaam.

Kelele inatoka wapi

Kasha halina sauti yake. Vinavyopiga kelele ni vilivyomo ndani: feni ya prosesa, feni ya kadi ya grafiki, feni ya pawasaplai, feni za kasha lenyewe, na diski ya kuzunguka kama bado ipo. Kasha linafanya mambo mawili tu. Linaamua feni hizo zitalazimika kukimbia kiasi gani, na linaamua kama mtetemo wake utaishia ndani au utafika masikioni. Wanunuzi wengi huangalia hilo la pili, wakati la kwanza ndilo lenye uzito.

Feni ina kanuni zake ambazo hazijali chapa. Ukipunguza mizunguko kwa nusu, hewa inayosukumwa inapungua kwa nusu, lakini kelele inashuka kwa takriban desibeli 15. Sikio la binadamu huchukulia kushuka kwa desibeli 10 kama kelele imepungua nusu, hivyo 15 ni nyingi sana. Upande wa pili, ukiongeza feni nyingine inayofanana na ya kwanza na inayozunguka kwa kasi ileile, kelele inapanda kwa desibeli 3 tu.

Ziunganishe hizo mbili. Feni mbili zinazozunguka nusu ya kasi zinaleta hewa sawa na feni moja inayokimbia kasi yote, ila kelele yake iko chini kwa kama desibeli 12. Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi hawaogopi kuongeza feni. Wanachoogopa ni feni moja ndogo iliyoachiwa kazi ya wenzake wawili.

Ukubwa nao unasaidia. Feni ya milimita 140 ina eneo kubwa kwa zaidi ya theluthi moja kuliko ya milimita 120, kwa hiyo inafanya kazi ileile ikizunguka taratibu zaidi.

Kwa kipimo cha kulinganisha: Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele isiyokatika ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Mashine iliyopangwa vizuri inaweza kukaa chini ya hapo inapofanya kazi nyepesi. Yenye feni za bure zilizokuja na kasha, zinazokimbia kasi yote muda wote, huvuka kirahisi.

Nyuzi kumi zinazoharibu hesabu

Makasha yanayouzwa kwa jina la "kimya" yana historia yake. Mwaka 2005 kampuni ya Antec ilitoa kasha la P180, lililobuniwa kwa msaada wa Mike Chin, mwanzilishi wa tovuti ya Silent PC Review ya Canada. Kuta zake zilikuwa za tabaka tatu, na pawasaplai ilihamishiwa chini kwenye chumba chake ili joto lake lisichanganyike na la vifaa vingine. Baadaye wakaja Fractal Design wa Uswidi na mfululizo wao wa Define, na be quiet! wa Ujerumani na Silent Base yao. Umbo likazoeleka: mlango wa mbele umefungwa, ndani umebandikwa sponji nzito, hewa inaingia kwa mianya myembamba ya pembeni.

Ni makasha mazuri. Ila yamebuniwa na watu wa nchi za baridi.

Kompyuta yenye feni haiwezi kupoa chini ya joto la chumba ilimo. Kila nyuzi moja inayopanda chumbani, vifaa vya ndani navyo hupanda karibu nyuzi moja. Chukua mashine ambayo prosesa yake, ikifanya kazi nzito, hukaa nyuzi 45 juu ya joto la chumba. Kwenye chumba cha nyuzi 22, ambacho ndicho cha kawaida kwa wengi wanaopima makasha huko Ulaya na Marekani, prosesa itasoma 67. Ihamishie mashine hiyohiyo Kariakoo mwezi Februari, chumba cha nyuzi 32, dirisha wazi na feni ya dari inazunguka. Itasoma 77.

Sasa feni haijui kama iko Uswidi au mtaa wa Likoma. Yenyewe inasoma namba. Mazabodi karibu zote zimepangwa kiwandani ziongeze kasi ya feni kadiri namba hiyo inavyopanda, na kutoka sitini na kitu kwenda sabini na kitu ndipo nyingi hupandisha kwa nguvu. Kasha ni lilelile, feni ni zilezile, sponji ni ileile. Kule Göteborg mashine inanong'ona, hapa inapuliza.

Halafu sponji yenyewe haizuii kila sauti. Inameza vizuri zile sauti nyembamba, mlio wa juu, lakini mvumo mzito wa chini unapita. Na mvumo huo ndio unaosumbua usiku.

Kwa hiyo kwa mtu wa Dar asiye na kiyoyozi, kasha tulivu ni lile linalopitisha hewa kwa uwazi, mbele likiwa na wavu, na feni kubwa zinazozunguka polepole. Inaonekana kinyume, maana wavu unaruhusu sauti itoke. Ni kweli unaruhusu. Lakini sauti inayotoka ni ndogo kwa sababu feni hazijalazimishwa kukimbia.

Kuna watu wawili ambao hesabu hii haiwahusu sana. Mmoja ni mwenye ofisi ya Kivukoni au Posta ambako kiyoyozi kinawaka tangu asubuhi na chumba hakivuki nyuzi 24. Huyo kasha la sponji litamfaa, mradi mashine izimwe kiyoyozi kikizimwa. Mwingine ni mwenye mashine ya kuandikia barua na mahesabu, isiyo na kadi ya grafiki. Joto lake ni dogo mno kiasi kwamba kasha lolote lenye feni moja nzuri ya nyuma linatosha, na hela inayobaki ikanunue kiti.

Dukani: tochi, kidole na kiganja

Maduka ya kompyuta yametawanyika. Yapo ya Posta, upande wa Samora na mitaa inayoizunguka, na yapo ya Kariakoo, ambako mtu anayeingia kutafuta kasha atapokelewa na winga kabla hajafika mlangoni. Winga si mtu mbaya. Anajua duka gani lina mzigo na lipi limeishiwa. Ila analipwa kwa kuuza, na kinachouzika haraka ni kasha la kioo lenye taa za rangi.

Kioo cha ubavuni hakina tatizo kubwa. Kioo cha mbele ndicho cha kukimbia. Makasha mengi ya bei nafuu yanayoitwa ya geming yana kioo kizima mbele, nyuma yake feni tatu zenye taa, na nafasi ya hewa ni ufa wa upana wa kidole upande mmoja. Feni tatu zinavuta hewa kupitia ufa huo. Zinapiga kelele nyingi, hewa inaingia kidogo, na prosesa inaendelea kuchemka. Kwa macho linavutia kwelikweli, ndiyo maana linauzika.

Jaribio la kwanza halihitaji ufundi. Washa tochi ya simu, iweke mbele ya kasha, chungulia kwa ndani. Mwanga ukipita kwa uwazi, hewa nayo itapita. Ukiona giza na mstari mmoja wa mwanga pembeni, hapo hata hewa itabanwa vivyo hivyo. Fanya pia kwa nyuma, pale feni ya kutolea joto inapokaa. Makasha mengine yana bati lililotobolewa matundu madogo madogo yanayoziba karibu nusu ya njia, na hewa ikigonga bati hilo inapiga mluzi. Fundi mwenye mkasi wa bati anaweza kulikata na kuweka waya wa mviringo. Ni kazi ya muda mfupi, na watu wachache sana huiomba.

Jaribio la pili ni kugonga. Gonga ubavu wa kasha kwa kifundo cha kidole. Bati nene linatoa sauti fupi, butu. Bati jembamba linalia kama debe tupu, na litalia hivyohivyo kila feni inapolitetemesha. Libonyeze katikati kwa kiganja. Likiingia ndani na kurudi kwa mlio, liache hapo hapo. Uzito nao unasema. Nyanyua makasha mawili ya ukubwa sawa, utaona tofauti kabla ya kusoma lebo yoyote.

Baada ya hapo angalia namba moja ambayo wengi huisahau: urefu wa kipoozeo cha prosesa ambao kasha linaruhusu. Vipoozeo vya mnara vyenye feni ya milimita 120, ambavyo ndivyo vinavyotuliza mashine kuliko kitu kingine chochote, huwa na urefu wa karibu milimita 155 hadi 160. Kasha jembamba halivipokei. Mtu anajikuta amerudi kwenye kile kipoozeo kifupi kilichokuja na prosesa, chenye feni ndogo inayolia, na kasha lote alilonunua limekosa maana.

Waangalie pia wanaouza kasha likiwa na pawasaplai ndani, bei moja. Mara nyingi pawasaplai hiyo ni nyepesi, feni yake ni ya hovyo, na itakuwa ndiyo kelele kubwa ya mashine nzima. Kuna duka litakalokubali kuitoa na kupunguza bei. Kuuliza ni bure.

Feni za bure na waya wake

Kasha likija na feni nne ndani, furaha ni haki ya mnunuzi, ila aangalie waya. Feni inayoweza kudhibitiwa ina plagi ndogo ya matundu matatu au manne inayochomekwa kwenye mazabodi. Ya matundu manne ndiyo bora, mazabodi inaweza kuipunguza kwa usahihi. Feni nyingi za makasha ya bei nafuu hazina plagi hiyo. Zina plagi kubwa nyeupe au nyeusi inayokwenda moja kwa moja kwenye pawasaplai, na maana yake ni kwamba zinapata volti 12 muda wote na kukimbia kasi yote, hata mtu akiwa anasoma barua pepe tu.

Kasha la namna hiyo linaweza kubaki zuri kama bati lake na wavu wake ni safi. Bajeti ibadilike tu: feni zilizokuja nalo zihesabiwe kuwa hazipo, na zinunuliwe mbili au tatu za kawaida zenye plagi ya matundu manne. Noctua ya Austria ndiyo chapa inayotajwa zaidi kwa utulivu na bei yake inajulikana kuwa juu. Arctic P12 inafanya kazi inayokaribia kwa hela ndogo zaidi. Feki zipo, kwa hiyo boksi liwe limefungwa na risiti ya EFD itolewe, maana bila risiti hakuna wa kumrudia.

Mpangilio unaofaa vyumba vingi vya hapa: feni mbili za milimita 140 mbele zikiingiza hewa, moja nyuma ikitoa. Ziingizazo ziwe na nguvu kuzidi itoayo. Hapo hewa ya ndani inasukuma kwenda nje kupitia kila upenyo, na vumbi linakosa mlango mwingine zaidi ya ule wenye chujio.

Kisha iingiwe BIOS. Hapa ndipo pesa haihitajiki. Asus wanaita Q-Fan, Gigabyte wanaita Smart Fan, na mazabodi nyingine zina majina yake, lakini kazi ni moja: kuchora mstari wa joto na kasi. Ule wa kiwandani umechorwa bila kujua kwamba kuna chumba ambacho usiku wa Februari hakishuki sana chini ya nyuzi 25. Uchorwe upya. Feni zibaki chini hadi prosesa ifike kama nyuzi 70, kisha zipande taratibu, bila kuruka ghafla. Prosesa za kisasa zinajilinda zenyewe zikifika nyuzi 95 hadi 100, kwa hiyo 80 kwa muda wa kazi nzito siyo hatari. Kinachokera sikio kuliko kelele yenyewe ni feni inayopanda na kushuka kila dakika, na mstari mpole unaiondoa.

Vumbi na chumvi

Kasha la wavu lina deni lake, na deni hilo ni vumbi. Vumbi la Kariakoo lina nyuzi za nguo ndani yake, maana nusu ya mitaa inauza vitambaa na mitumba. Nyuzi hizo hushika kwenye mapezi ya kipoozeo na kujenga kitu kama blanketi. Feni inaongeza kasi kupambana na blanketi, mwenye mashine anasema "hili kasha limeanza kelele", kumbe ni uchafu.

Kwa hiyo chujio la mbele ni lazima liwe la kuchomoa bila kufungua skrubu. Likiwa gumu kutoa, halitatolewa, binadamu ndivyo walivyo. Lile la chini, la pawasaplai, litoke kwa kuvuta kutoka mbele au ubavuni, siyo kwa kulaza mashine nzima. Kwa mitaa yenye vumbi, kulikung'uta kila wiki mbili si kupindukia. Linaweza kuoshwa kwa maji, mradi likauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Kwa walio karibu na maji, upande wa Kivukoni na Feri, kuna chumvi hewani. Kingo za bati zilizokatwa na kuachwa bila rangi huanza kutu mapema, na skrubu zikishika kutu kasha linakuwa gumu kufungua. Pitisha kidole, kwa uangalifu, kwenye kingo za ndani. Kasha lililokunjwa kingo na kupakwa rangi hadi ndani lina maisha marefu kuliko lenye kingo kali zinazong'aa. Na mashine isikae sakafuni. Meza ndogo au hata tofali mbili zenye ubao juu zinaipunguzia vumbi kwa kiasi kikubwa, na pawasaplai inayovuta hewa kwa chini haitazibwa na zulia.

Mtego wa mashine za mtumba

Hapa ndipo hela nyingi zinapotea. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mjini ni Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizotumika maofisini ng'ambo. Ni imara na bei yake inaeleweka. Mtu ananunua moja, inapiga kelele, anaamua kununua kasha la kisasa ili ahamishie vya ndani. Analeta kasha nyumbani, fundi anafungua, na vitu havikubaliani.

Sababu ni kwamba mashine hizo nyingi hazifuati vipimo vya kawaida. OptiPlex 9020 inapata umeme kupitia soketi ya pini 8, wakati pawasaplai za dukani zina pini 24. EliteDesk 800 G1 ina soketi ya pini 6. Kitufe cha kuwashia kina plagi ya kiwanda. Matundu ya skrubu yanaweza kupishana. Na Dell zikikosa feni zilizoizoea, huonyesha onyo kila zinapowashwa na kusubiri mtu abonyeze kitufe. Adapta za pini zipo, lakini mwisho wa siku mtu ametumia hela ya kasha, adapta, pawasaplai na fundi kwa ajili ya mashine ambayo haina thamani hiyo.

Mwenye mashine kama hiyo asinunue kasha. Aifungue, apulize vumbi kwenye kipoozeo, aondoe pesti ya zamani iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Kama bado ina diski ya kuzunguka, aiondoe na kuweka SSD. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inatetemeka mara 120 kwa sekunde, na mtetemo huo ukiingia kwenye bati na kwenye meza ya mbao unageuka mvumo unaosikika chumba kizima. SSD haina kitu kinachozunguka. Kwa mashine nyingi za ofisi, usafi na SSD vinamaliza zaidi ya nusu ya malalamiko.

Tena, kabla ya kulaumu kompyuta, izimwe kabisa na kusikiliza. Kuna nyumba ambazo mvumo unaolalamikiwa unatoka kwenye stabilaiza iliyo chini ya meza. Umeme wetu ni wa hezi 50, na transfoma ya stabilaiza huvuma mara 100 kwa sekunde, sauti inayofanana sana na ya diski. Kipande cha mpira wa ndara chini ya stabilaiza kinasaidia kuliko kasha jipya.

Likishanunuliwa

Pasipo kufungua boksi dukani, usilipe. Kioo kiangaliwe, miguu ya mpira iwe minne, mfuko wa skrubu uwepo, na kila feni ijaribiwe kwa kuzungushwa kwa kidole huku sikio liko karibu. Feni nzima inazunguka kimya na kusimama taratibu. Yenye kasoro inakwaruza.

Boksi la kasha la kawaida lina upana wa kama nusu mita kila upande, na kilo zake hazichezewi. Kwenye mwendokasi wa Kivukoni saa za jioni halipiti, na kwenye bodaboda kioo kinaweza kufika vipande. Bajaji ndiyo njia, boksi likilazwa upande ule mshale wa kwenye katoni unakoelekeza. Nyumbani, kioo kikitolewa kisiegemezwe kwenye sakafu ya marumaru hata kwa sekunde moja: kona ya kioo kigumu ikigusa marumaru inaweza kupasua kioo chote kikawa punje ndogo ndogo. Kilazwe juu ya godoro au kanga iliyokunjwa, mbali na watoto, mpaka skrubu ya mwisho ifungwe.